Mawifi Wawili na Maktaba ya Vipuri

Kazini walimwita Mkutubi, ingawa chumbani mwake hakukuwa na kitabu hata kimoja. Kulikuwa na meza ya mbao iliyovimba pembeni kwa kumwagikiwa chai miaka nenda miaka rudi, kompyuta mbili, feni iliyokataa kugeuza shingo, na kabati la chuma lenye droo ndogondogo, kila droo na kijikaratasi chake. Maktaba aliyoitunza ilikuwa ndani ya kompyuta, na ilikuwa maktaba ya vipuri.

Kazi yenyewe ni hivi. Kiwanda kilitengeneza bodi za kuendeshea pampu za maji. Kabla bodi haijatengenezwa, mainjinia waliichora kwenye kompyuta na kuiwasha humohumo kwa umeme wa kuigiza, waone kama itafanya kazi au itaungua. Programu ile ya kuigiza saketi haijui kitu kwa akili yake. Inajua ilichoambiwa tu: rezista hii ni ya kiasi gani, dayodi hii inaanza kupitisha umeme kwenye volti ngapi, transista hii mguu wake wa kwanza ni upi. Mwenye kuiambia alikuwa Mkutubi. Akikosea tarakimu moja, programu inadanganya bila kupepesa macho, mchoro unapita, bodi zinatengenezwa, na kinachofuata ni moshi.

Kwa miaka ishirini na miwili aliifanya kazi hiyo. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, miwani ya aina mbili, na goti la kulia lililolia kila aliposimama. Ila si tarakimu zilizomchosha. Tarakimu hazina kiburi. Waliomchosha ni mainjinia, ambao kila mmoja alichukua kipuri kutoka maktaba, akakipeleka kwenye folda yake, akakibadilisha kidogo na kukiita "mpya". Mwezi ukipita kunakuwa na "mpya kabisa", kisha "mpya kabisa usiguse", kisha "ya mwisho", na nyuma yake "ya mwisho kweli". Siku moja alikuta kipuri kimoja kina nakala kumi na nne, na hakuna hata mbili zilizolingana.

"Wananizalia watoto nje ya ndoa," alimwambia fundi wa benchi, mwanamume mnene aliyekaa chumba cha pili akipima na kurekebisha bodi.

"Na wote wamefanana na wewe," fundi akajibu. "Wana miwani."

Basi siku moja Meneja alimwita. Meneja alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye tabia ya kuzungumza na kalamu yake badala ya mtu aliye mbele yake. Alimweleza kwamba kampuni imeungana na nyingine inayotengeneza chaja za betri za sola. Kila kampuni ina maktaba yake: yao ina vipuri elfu kumi na moja, ya wenzao elfu nane. Zinatakiwa ziwe moja ndani ya miezi mitatu. Mtunzaji wa upande wa pili atakuja Jumatatu wakae pamoja.

"Na zikishakuwa moja?" Mkutubi aliuliza.

Meneja aliitazama kalamu. "Maktaba moja, mtunzaji mmoja. Lakini tusitangulize hayo."

Jumatatu mlango ulifunguliwa, na Mkutubi akaujua mwendo kabla ya kuuona uso. Ilikuwa familia nzima ya watu wanaotembea hivyo, bega moja mbele kama wanaopenya kwenye umati. Aliyeingia nyuma ya Meneja, mkoba kifuani, alikuwa wifi yake. Yaani aliyekuwa wifi yake, maana ndoa na kaka mtu ilikwisha miaka kumi nyuma.

"Shikamoo," Wifi alisema.

"Marahaba."

Meneja alifurahi. "Kumbe mnafahamiana?"

"Kidogo," alisema Wifi.

Mkutubi alijifanya anatafuta miwani. Hiyo "kidogo" ilikuwa na miaka kumi na sita ndani yake, ya kula meza moja na kugombania bafu moja. Alipoolewa kwenye nyumba ile, Wifi alikuwa msichana wa miaka kumi na saba aliyefeli mtihani na kukaa ndani akiota kutu. Yeye, bibi harusi wa juzi, ndiye aliyemkalisha kwenye meza ya jikoni na redio iliyokufa, akampa chuma cha kulehemu na kumwonyesha namna ya kukishika kama kalamu, asikishike kama mwiko. Baada ya mwaka akampeleka mwenyewe chuo cha ufundi kujiandikisha. Mama mkwe alinuna wiki mbili, akisema wanamharibu mtoto wa kike.

Ndoa ilipoingia mdudu, kiliitishwa kikao cha familia. Hapo ndipo Wifi aliposimama mbele ya wajomba na shangazi akasema kwamba mke wa kaka yake anapenda vidude vyake kuliko mtoto, na kwamba siku binti yao alipokuwa na homa kali, mama mtu alimwacha kutwa nzima akaenda kazini. Kikao kiliguna. Mkutubi hakujitetea. Aliondoka na binti yake na mashine ya kushonea, na tangu siku hiyo hakubadilishana neno na Wifi, ila vidole vya kupeana pole kwenye msiba wa mama mkwe.

Sasa walitakiwa kukaa kwenye meza moja, kiwiko kwa kiwiko, kwa miezi mitatu.

Walianza kwa kusema tarakimu tu. Wifi alisoma namba ya kipuri na Mkutubi akatafuta cha kwake. Kama vipo viwili, wanachagua chenye vipimo vizuri, kile kingine kinafutwa.

"Elfu moja mia tatu na sita. Yetu ina vipimo vya kwenye joto kali."

"Basi yenu ibaki."

"Elfu moja mia tatu na saba."

"Yetu. Yenu haina mchoro wa miguu."

Hivyo kutwa. Saa sita kila mmoja alichukua chakula chake akaenda kukila mahali pake. Fundi wa benchi aliingia siku ya tatu kuazima bisibisi, akasimama katikati ya chumba na kujikumbatia mikono. "Humu mna baridi kuliko friji," alisema. "Niwazimie feni?" Hakuna aliyecheka, akaondoka na bisibisi yake.

Kilichomuuma Mkutubi zaidi ni kwamba maktaba ya Wifi ilikuwa safi. Kila kipuri kilikuwa na tarehe, jina la aliyekiingiza, na mahali vipimo vilipotoka. Ya kwake ilikuwa na tabaka kama rangi ya ukuta wa zamani. Mambo ya mwaka wa kwanza chini kabisa, juu yake haraka za mameneja wanne. Na mpangilio ule wa Wifi aliujua. Kwanza aina, kisha nguvu, kisha umbo. Ni yeye aliyeuandika kwenye daftari la hesabu, jikoni, miaka ishirini na sita iliyopita, na kumwambia yule msichana: ukipanga hivi hutapotea. Mwanafunzi alifuata. Mwalimu ndiye aliyepotea njiani.

Kufikia wiki ya saba walikuwa wamechoka mpaka kwenye nywele. Mkutubi akifumba macho aliona orodha ikipanda. Alikuwa akishuka kituoni jioni na kusahau kama amefunga chumba. Nyumbani alikula amesimama, maana akikaa hainuki.

Alhamisi ya wiki hiyo Wifi aliomba ruhusa akang'oe jino. Mkutubi alibaki peke yake na sehemu ya transista, na humo akafika kwenye moja ndogo, nyeusi, yenye miguu mitatu, ya kawaida kama chumvi. Maktaba zote mbili zilikuwa nayo, kwa jina lilelile. Ila ya kwake ilihesabu miguu kuanzia kushoto, na ya Wifi ilihesabu kuanzia kulia.

Hapo kulikuwa na jambo la kufanya. Kuinuka, kwenda hatua kumi hadi benchi, kuomba mita ya kupimia umeme, kuchukua transista yenyewe na kuipima. Dakika tano. Au kuacha alama na kumsubiri Wifi kesho. Alijua yote hayo. Lakini goti lilimuuma, orodha ilikuwa bado na vipuri arobaini, na akilini sauti ilisema: huyu atakuwa amekosea, si kawaida yake kusema visivyo? Akafuta ya Wifi, akaacha ya kwake. Baadaye hakujidanganya juu ya jambo hilo. Uchovu ulikuwepo, lakini kulikuwa na utamu pia.

Wiki tatu zikapita. Kundi la kwanza la bodi zilizochorwa kwa maktaba mpya likarudi kutoka kutengenezwa, bodi mia tatu ndani ya maboksi ya karatasi. Fundi aliwasha ya kwanza, ikakaa kimya. Ya pili ikanuka. Aliwasha kumi, kisha akazima umeme wa benchi na kwenda kugonga mlango wa chumba cha maktaba. Safari hii hakuwa na utani.

Kufikia saa nne walishajua. Transista ile hutengenezwa na viwanda viwili. Jina ni moja na umbo ni lilelile, ila kimoja hupanga miguu kushoto kwenda kulia, kingine kulia kwenda kushoto. Kampuni ya pampu ilikuwa inanunua kwa hiki, ya chaja kwa kile. Kwa hiyo maktaba zote mbili zilikuwa sahihi, kila moja kwa mzigo wake, na zilitakiwa zibaki zote mbili kwa majina tofauti. Baada ya kuungana, mtu wa stoo akanunua kwa kiwanda kilichoiuzia kampuni ya chaja, huku mchoro ukifuata transista ya pampu. Kwenye kila bodi, transista nne zilisimama kinyume.

Meneja aliwaita wote. Programu huweka kumbukumbu ya kila aliyefuta kitu, siku na saa, lakini Meneja hakuwa amefungua kumbukumbu hizo. Wifi alikuwa amezifungua asubuhi. Mkutubi alimwona, kwa upande wa jicho, akishuka kwenye orodha mpaka Alhamisi ile, akasimama hapo kitambo, kisha akafunga.

"Naomba kujua tu nani aliifuta," Meneja aliiambia kalamu.

"Tulifuta," alisema Wifi.

Mkutubi alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Alikuwa na majibu tayari kwa tuhuma, kwa kejeli, hata kwa ukimya. Alimtazama Wifi, aliyekuwa akitazama meza, shavu limebonyea kidogo upande wa jino lililong'olewa.

"Nilifuta mimi," Mkutubi alisema. "Alhamisi. Yeye hakuwepo. Niliona zinapishana na sikupima."

Meneja aliinua uso, labda kwa mara ya kwanza mwezi ule. "Wewe? Kwa nini?"

"Nilichoka. Hiyo si sababu, lakini ndiyo hiyo niliyonayo."

Alitarajia moyo utulie baada ya kusema. Badala yake alisikia usingizi, mzito, wa kuweza kuweka kichwa mezani hapohapo.

Afadhali moja ilikuwepo. Kwa kuwa miguu ilipishana kama kitu na taswira yake kwenye kioo, hakukuwa na haja ya kutupa bodi. Kila transista ingeng'olewa, igeuzwe mgongo kuwa mbele, irudishwe. Nne kwa bodi, bodi mia tatu. Fundi peke yake angemaliza mwezi. Mkutubi alisema atakaa naye. Kesho yake asubuhi, walipovuta viti kwenye benchi, Wifi naye alikuja na kiti chake, akafunga nywele kwa kitambaa na kuchomeka chuma cha tatu.

Walikaa siku nane. Kuyeyusha, kunyonya risasi ya kulehemu, kung'oa, kugeuza, kulehemu, kukata. Moshi mwembamba uliwaingia puani, na fundi aliwasimulia habari za shemeji yake aliyenunua jenereta isiyo na injini, habari ndefu iliyochukua siku mbili na ambayo, walikubaliana baadaye, haikuwa na ukweli hata kidogo. Mkutubi alimwangalia Wifi mikono. Alifuta ncha ya chuma kwenye sifongo, akahesabu mpaka mbili kwa midomo bila sauti, akagusa, akaondoa. Ile ya kuhesabu kwa midomo hakufundishwa. Alikuwa nayo tangu zamani.

Siku ya tano fundi alitoka kwenda stoo kutafuta risasi. Wakabaki wawili.

"Mbona ulisema tulifuta?" Mkutubi aliuliza, macho kwenye bodi.

"Sijui. Lilinitoka tu." Wifi aligeuza transista moja, akaiweka. "Nilikuwa na hasira nawe asubuhi ile. Nikasema nikiulizwa nitasema. Halafu nikaulizwa, nikakumbuka mara ya mwisho niliposimama kusema juu yako mbele ya watu."

Mkutubi alifuta ncha ya chuma chake kwenye sifongo.

"Siku ya kikao sikusema kweli," Wifi aliendelea.

"Ulisema kutwa nzima."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nje kwa saa mbili tu. Alfajiri nilimpeleka hospitali, akapewa dawa, homa ikashuka. Nilitoka saa tatu kupeleka faili zilizosubiriwa, saa tano nikawa nimerudi. Mtoto alikuwa amelala. Wewe ulikuwa unapiga pasi."

"Shuka," alisema Wifi. "Nilikuwa napiga pasi shuka. Nakumbuka vizuri kuliko unavyodhani." Aliweka chuma kwenye kishikio chake. "Kaka alinikalisha jikoni kabla ya kikao, mama akiwepo. Wakanipa la kusema. Sisemi hivyo ili unihurumie. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, sikuwa mtoto wa kutiwa maneno mdomoni."

Feni ya benchi ilivuma. Mkutubi alimaliza mguu wa tatu, akakata ncha, kipande kikarukia sakafuni.

"Nimesikia," alisema.

"Huna lingine?"

"Nimechoka, wifi. Niache nimalize bodi hii."

Wifi alikichukua tena chuma chake. Walimaliza bodi tatu nyingine.

"Binti yako huja kwangu kila likizo," Wifi alisema baadaye, akiwa kama anayekiri kosa la pili maadamu mlango uko wazi. "Aliniomba nisikwambie."

"Najua. Miaka yote. Anarudi na nguo zinanukia ile sabuni yako ya mche."

"Na hukumkataza?"

"Wewe ni shangazi yake. Nimkataze vipi?"

Wifi alicheka kwa pua, akajipangusa jicho kwa mgongo wa mkono na kusingizia moshi. Fundi akarudi na risasi, na habari ya jenereta ikaendelea.

Maktaba zilikamilika mwezi wa tano badala ya wa tatu. Vipuri elfu kumi na tano na mia mbili, kila kimoja na tarehe na jina la aliyekipima. Meneja alituma barua pepe ya shukrani kwa wafanyakazi wote, ambayo mainjinia hawakuisoma, kisha akamwita Mkutubi na kumwambia, kwa kuzunguka sana, kwamba pamoja na yaliyotokea, kampuni inaheshimu miaka yake. Nafasi ya mtunzaji ni yake akiitaka.

"Mpe mwenzangu," alisema.

Meneja alianza kumsifu kwa moyo wake mkubwa. Mkutubi alimkatisha.

"Si moyo mkubwa. Maktaba yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, umeiona mwenyewe. Na mimi nimekichoka kile kioo cha kompyuta. Niweke benchi na fundi. Nitapima vipuri kabla havijaingia. Mmoja apime, mwingine aingize, asiwepo mtu mmoja wa kufanya yote mawili. Hilo tungekuwa nalo, bodi zile zisingeungua."

Meneja alikubali shingo upande, akaomba wiki ya kufikiri, akachukua mbili. Mwezi uliofuata Mkutubi alihamia benchi na miwani yake yote.

Haikuwa raha tupu. Benchi lilikuwa na joto, kiti hakikuwa na mgongo, na goti halikujua kwamba amebadilishiwa kazi. Mainjinia kwa mazoea walimfuata na maombi yao, naye akawaelekeza kwa kidole mlango wa pili, kwa Wifi. Huko mambo yalikuwa mengine. Wifi aliwapa wote siku saba za kusafisha folda zao, na siku ya nane akafuta kila kilichoitwa "ya mwisho kweli". Malalamiko yalisikika mpaka benchi. Fundi alitaka kwenda kuamua ugomvi. Mkutubi alimwambia akae anywe chai.

Binti alipokuja likizo safari hiyo, alimwambia mama yake mapema kwamba Jumamosi atakuwa kwa shangazi. Mama mtu alisema sawa, akamwomba amrudishie shangazi bakuli lake la plastiki. Hakwenda naye. Wifi aliwahi kumkaribisha mara mbili, na mara zote mbili alijibu kwamba atakuja, hakutaja siku.

Wiki hiyohiyo ilifika dayodi ya aina mpya. Mkutubi alichukua kumi, akazipima moja moja, asubuhi nzima, akaandika matokeo kwenye kadi kwa mwandiko wake wa duara na kuipeleka chumba cha pili. Baada ya robo saa Wifi alikuja nayo mkononi.

"Hii siwezi kuiingiza," alisema. "Hujaandika joto la chumba."

"Joto la kawaida."

"Kawaida ni nyuzi ngapi?"

Mkutubi alimtazama juu ya miwani. Alitaka kumwambia kwamba yeye alipima dayodi tangu Wifi akiwa bado anaogopa chuma cha moto. Lakini kadi ilikuwa na nafasi wazi, hapo juu, pembeni ya tarehe. Alishika ukingo wa benchi, akanyanyuka, goti likalia, akaenda mpaka dirishani kulikotundikwa kipimajoto.

"Ishirini na nane na nusu," alisema.

Wifi aliandika, akamshukuru, akaondoka. Mkutubi alirudi kwenye kiti chake kisicho na mgongo na kuvuta boksi jingine.